Pumzi Kabla ya Tarumbeta

Pawasaplai haisemi uongo. Ikiungua itanuka, ikichoka italia kama mbu, ikipungukiwa nguvu itaonekana kwenye mita bila aibu. Mwenye kuficha ni binadamu. Ndiyo maana nilichagua kazi ya umeme badala ya kazi ya kusikiliza watu, na ndiyo maana siku ile nilipoitwa tena chumba cha kumi na moja nilinuna kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Fundi Subilaga, imezima tena jana alasiri," alisema Bwana Gwakisa, meneja wa Ukumbi. Alikuwa ananifuata kwenye korido na bakuli lake la wali mkononi, maana ilikuwa saa ya chakula cha mchana. "Mama Tusekile ameshapiga simu. Anauliza baba yake anafanywa nini huku."

"Mwambie anapimwa."

"Nimemwambia hivyo wiki iliyopita. Ameniuliza kama tunapima au tunaotea."

Mama huyo alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimeshabadilisha waya. Nilikuwa nimeshakaza kila skrubu. Nilikuwa nimeitoa pawasaplai ya zamani, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, na kuweka mpya iliyokuwa bado na nailoni yake, yenye nguvu mara mbili. Nayo ilizima vilevile, alasiri, kwa mlio uleule mdogo, tak, kama mtu anayebonyeza kiberiti cha gesi kisichowaka.

Bwana Gwakisa akaniacha mlangoni akaenda zake chumba cha saba. Kila siku alikula huko na mke wake, Tupokigwe. Nilimsikia akivuta kiti, akisalimia, akisifia wali. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, laini, ikiuliza, "Mvua inaendeleaje huko nje?" Gwakisa akacheka.

"Umemsikia, Fundi?" akaniita kutoka huko. "Alipokuwa duniani mvua ikinyesha haoni, jua likiwaka haoni. Sasa ndiyo habari yake! Kila nikija, mvua."

Tupokigwe alikuwa amezikwa miaka mitatu nyuma. Mimi mwenyewe nilikula nikafuta sahani kwenye sherehe ya kumwingiza chumbani, maana kulikuwa na pilau.

* * *

Walioujenga Ukumbi waliupenda mlima wetu hapa Tukuyu kwa baridi. Mashine za wakazi, yaani marehemu ambao akili zao zimehamishiwa humo, zinakula umeme mwingi na kutoa joto jingi, na sisi baridi tunayo ya kugawa. Kila chumba kina kabati moja la chuma lenye urefu wa mtu, na ndani yake mna prosesa nyingi kama mbegu za pasheni. Mlangoni familia hutundika picha. Wanakuja na watoto, wanakaa kwenye kochi, wanaomba ushauri wa shamba na wa ndoa. Wakazi wanajibu. Wana akili zao na utani wao, na wana hasira zao pia. Kuna bibi chumba cha tatu ambaye hajamsamehe mkwewe hadi leo.

Nikaitoa pawasaplai ya chumba cha kumi na moja nikaiweka mezani. Kwanza nikainusa. Haikunuka kitu. Kapasita zote zilikuwa bapa juu, hakuna iliyovimba. Nikaifunga kwenye koili za majaribio, zile za kupashia moto, nikaikamua mpaka koili zikawa nyekundu na mimi nikavua sweta. Haikutetereka. Volti zilisimama palepale zilipotakiwa kusimama.

Ndani ya kila pawasaplai kuna kinga. Mashine ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, kinga inakata kabla kitu hakijaungua. Kwa hiyo kuzima si ugonjwa. Kuzima ni mlinzi anayefanya kazi yake. Swali ni nani anayempiga kikumbo mlinzi.

Kila mara mashine ilipozimwa hivyo ilijiwasha yenyewe baada ya muda, na mkazi akarudi kama mtu aliyesinzia. Lakini hilo nalo lilikuwa na mwisho wake. Kila kikumbo kiliunguza kidogo kumbukumbu za mkazi wa chumba kile, Mzee Ambilikile, baba yake Tusekile. Ikiendelea hivyo, siku moja mashine ingewaka na ndani asiwemo mtu.

"Basi mfunge lijamu," alisema Gwakisa aliporudi, akifuta mdomo. "Ya nini kuzungushana?"

Lijamu ni kifaa cha ukubwa wa tofali, kinachofungwa kati ya umeme na mashine. Kikishafungwa, mashine haiwezi kuruka, inapanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Kinga haiguswi na hakuna kinachozima. Ubaya wake ni kwamba mkazi naye anapoa. Anajibu baada ya muda mrefu, anasahau katikati ya neno, anacheka pasipo na kichekesho. Chumba cha ishirini kuna mkazi wa lijamu, na wajukuu zake hawaji tena.

"Nipe siku moja," nikamwambia. "Ugonjwa usioujua huutibu kwa kumlewesha mgonjwa."

"Siku moja, Fundi. Mimi nina vyumba vingine." Akaangalia upande wa chumba cha saba. "Tena hili jambo sitaki lisikike. Likiwa la kuambukiza je?"

* * *

Kesho yake nikaja na kioo cha mawimbi, kile kinachochora umeme unavyopita, nikakibana kwenye waya wa chumba cha kumi na moja. Nje kulikuwa na mvua yetu ya kawaida, ile isiyo na haraka. Nikakaa kwenye kochi la familia nikimenya njugu, macho kwenye kioo.

Mkazi hata akiwa kimya mstari wake hautulii. Hutikisika kidogo muda wote, kama maji ya ndoo iliyobebwa kichwani. Huo wa Mzee Ambilikile ulitikisika asubuhi nzima. Watu wakala chakula cha mchana. Korido ikapoa. Ilipofika ile saa ambayo msibani wanaume huanza kusimama na kutafuta makoti yao, mstari ukashuka.

Ukashuka mpaka karibu na sifuri, ukanyooka. Feni za kabati zikapunguza mwendo, nikasikia mvua kwenye bati ambayo awali sikuisikia. Njugu zikanibaki mkononi. Hakuna hitilafu ya umeme inayofanya vile. Shoti haisubiri. Waya uliolegea hauna subira. Hiki kilikuwa kitu kinachongoja, na kilingoja mpaka nikajikuta mimi mwenyewe nimebana pumzi.

Kisha prosesa zote zikaruka kwa mpigo mmoja. Mstari ukapanda ukatoka nje ya kioo. Tak. Giza kwenye kabati.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nadhani hawakuwahi kukiona kimya chenyewe kimechorwa kwa mstari wa kijani. Prosesa za mashine hizi haziruki pamoja hata siku moja. Kila moja ina shughuli yake, hii ikipanda ile inashuka, kama watu wa sokoni. Ili ziruke pamoja lazima awepo wa kuziongoza, na ndani ya kabati lile alikuwemo mtu mmoja tu.

Mashine ikajiwasha. Nikasubiri taa ziwe za kijani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Ni wewe mwenye kunifungua fungua kila siku kama sufuria ya maharage?"

"Ndiye mimi, Mzee. Umeme wako unanisumbua."

"Umeme hauna neno. Umeme ni mzuri sana."

"Kama umeme ni mzuri, nani anazima?"

Kwenye kioo mstari ukaanza kupanda, ukapanda kwa nguvu, kama mtu anayekusanya maneno. Halafu ukakatwa ghafla, bapa, kama sufuria iliyofunikwa. Sauti ikatoka, laini, haina utani wowote ndani yake.

"Mvua inaendeleaje huko nje?"

"Inanyesha, Mzee. Lakini nimekuuliza, ni wewe unayefanya hivi?"

Mstari ukapanda. Ukafunikwa.

"Mvua inaendeleaje huko nje?"

Ilikuwa sauti ileile, urefu uleule, na mshuko uleule kwenye neno la mwisho. Nikauliza mara ya tatu kwa ubishi tu, na nilipopata jibu lilelile nikasimama nikaenda mlangoni, kwa sababu kusema kweli niliogopa. Nilitaka kuwa karibu na mahali pa kutokea.

Hapo mlangoni ndipo nilipoitazama picha yake vizuri. Nilikuwa nimeipita siku zote kama unavyopita kalenda. Mzee Ambilikile Mwasomola, kwenye koti jeupe la bendi ya kanisa, tarumbeta kwapani, mkono mmoja umeinuliwa.

Sisi Wamoraviani huku kwetu tunazika kwa matarumbeta. Kaburi likishafukiwa, kiongozi wa bendi anainua mkono, na wapigaji wote wanavuta pumzi kwa pamoja. Kuna kimya pale. Utoto wangu wote nilikiogopa kile kimya kuliko jeneza. Halafu mkono unashuka na sauti inatoka yote kwa mara moja, na watu wazima wanalia, na unajua sasa imekwisha na mnaweza kurudi nyumbani mkale.

Na huwa ni alasiri.

* * *

Tusekile Mwasomola alikuja na mwavuli na buti za shambani zenye udongo mwekundu. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuamrisha vibarua. Bwana Gwakisa alikuwa ameshaliweka lijamu mezani, kwenye boksi lake, limefunguliwa.

"Mama, ukikubali tu, dakika chache limefungwa," akamwambia. "Baba atatulia. Hatazima tena."

"Atatulia vipi?"

Gwakisa akasafisha koo. Nikamjibu mimi.

"Atapoa, Mama. Atakuwa kama mtu aliyepewa dawa ya usingizi, na dawa haitaisha. Usipolifunga, ataendelea kuzima, na siku moja hatarudi. Na anayezima si umeme. Anazima yeye."

"Fundi!" alisema Gwakisa.

"Nimeona kwenye kioo. Anakusanya nguvu, anangoja, halafu anasukuma. Kila alasiri."

Tusekile alinitazama kwa muda, na nilidhani atanizaba kofi. "Baba yangu angetaka jambo angesema. Yule mtu hakuwahi kumeza neno maishani mwake."

"Wakazi wamefungwa maneno, Mama. Si mliambiwa?"

"Tuliambiwa maneno mabaya. Ya kututia huzuni."

"Kufa. Kaburi. Kuondoka. Kuchoka, sijui na mangapi. Akiyakaribia, kuna kifuniko kinashuka, na anatamka kitu kingine badala yake. Muulize mwenyewe."

Tusekile akaenda kusimama mbele ya kabati. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Majani yamechumwa upande wa mtoni?"

"Yamechumwa. Wanao wanagombania mpaka tena. Nimewaambia utawaamua Jumamosi."

"Waambie wakipima kwa kamba ya ndugu yako Lusekelo nitawacheka. Kamba ya Lusekelo inavutika."

Tusekile akacheka, na machozi yakamtoka palepale kwenye kucheka. "Baba," akasema, "umechoka?"

Mstari ukapanda. Ukafunikwa.

"Mvua inaendeleaje huko nje?"

Hakusogea. Nikaona tu vidole vyake nyuma vikishikana.

"Baba hakuwahi kuniuliza habari ya mvua," akasema bila kugeuka. "Alivunjika mguu ujanani, kwenye gari la chai. Mvua ilikuwa inamwuma gotini kabla wingu halijatokea. Sisi ndio tulikuwa tunamwuliza yeye." Akafuta uso kwa kiganja. "Amekuwa akiniuliza mvua tangu lini? Tangu mwaka ulioisha. Nilidhani ni uzee. Mtu anazeekaje humo ndani?"

Bwana Gwakisa alikuwa amegeukia dirishani. Nikamwuliza Tusekile kile kilichonikaa kooni tangu nilipoiona picha.

"Mama, samahani. Mzee alipozikwa, bendi ilipiga?"

Akaukung'uta mwavuli wake.

"Bendi walikuja," akasema. "Walisimama na makoti yao meupe. Kiongozi nilikuwa mimi, alinirithisha yeye. Nikawaambia wasipige." Akaketi kwenye kochi, na buti zikaacha udongo kwenye zulia. "Mtaniona mjinga. Alikuwa ameshaingizwa humu siku tatu kabla, akiwa bado hospitali, na asubuhi ile ile ya mazishi nilikuwa nimeongea naye. Ameniuliza kama nimekula. Sasa nitampigiaje tarumbeta mtu aliyeniuliza kama nimekula? Ningepiga, ningekuwa nimekubali. Na ndugu zangu wale sita, bila sauti yake, hata kaburi lenyewe wangeligawa. Nikawaambia wapigaji warudi nyumbani. Tukafukia kimya kimya kama watu waliozika mbwa."

"Hakuna aliyekulaumu," alisema Gwakisa kwa upole.

"Yeye analaumu. Si ndiyo anachofanya humo kila alasiri? Anainua mkono, anangoja bendi, bendi haipigi. Basi anapiga mwenyewe."

Akaliangalia lijamu kwenye boksi. Alilishika, akalipima uzito, akalirudisha.

"Nikimwachia aende, nani atanipokelea simu?" akauliza. Hakuwa anatuuliza sisi.

Akachukua mwavuli wake akaondoka. Mlangoni akasema bila kugeuka kwamba lijamu lisifungwe mpaka arudi.

* * *

Alirudi kesho yake, mapema alasiri, na koti jeupe la bendi lililombana mabegani. Tarumbeta alikuwa ameifunga kwenye kitenge. Mvua ilikuwa imekatika na kulikuwa na jua lile la kwetu la kuazima, majani yote yanang'aa.

"Ndugu zangu nimewaambia jana," akasema. "Wawili wamelia, wanne wamenitukana. Jumamosi watapima kwa kamba ya Lusekelo na watajijua."

Bwana Gwakisa hakuzuia, maana mkazi ni wa familia. Ila hakuingia. Alibaki kwenye korido, karibu na ubao wa mishale inayoonyesha umeme wa kila chumba. Kando ya ubao ule kuna mkono mwekundu wa lijamu kuu, uliowekwa kwa ajili ya radi. Ukiuvuta, Ukumbi mzima unapoa kwa mara moja.

Tusekile aliifungua tarumbeta, akaipuliza bila sauti ili ipate joto. Akasimama mbele ya kabati.

"Baba," akasema, "nimekuja na bendi. Ni mimi peke yangu, uniwie radhi. Wengine wana malaria na wengine wana aibu."

"Simama wima," ilijibu sauti, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye utani wake wote. "Usiibane shingo."

Akainua mkono wa kushoto. Kwenye kioo changu mstari ukashuka, taratibu, mpaka ukanyooka. Feni zikanyamaza. Tusekile akavuta pumzi, na nakuapia chumba kizima kilivuta pumzi pamoja naye. Nilibana meno nikingoja mshindo.

Mkono ukashuka, akapiga.

Sitausimulia wimbo wenyewe, kila Mmoraviani anaujua na asiyeujua hautamsaidia. Alikosea mara mbili, akaendelea. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Prosesa hazikuruka. Zilikuwa zinaachia, moja moja, kama watu wanaotoka kanisani kwa adabu, na mstari ukawa unashuka bila kutetemeka mpaka ukafika chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kuuona mstari wa mkazi yeyote. Taa ya pawasaplai ilibaki ya kijani. Kinga haikuguswa. Mashine hujiwasha upya ikikatwa, na hii haikukatwa na kitu. Ilikuwa nzima, ina umeme tele, na ndani hamkuwa na mtu.

Tusekile akaishusha tarumbeta. "Ameenda?"

"Ameenda, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akalia kwa sauti kama tunavyolia sisi, bila kujibana. Nikapiga magoti nikamshika. Nami nililia, ingawa Mzee hakuwa wangu, kwa sababu msiba ulikuwa umefika hatimaye, na msiba ukifika huna budi.

Sijui ni nani kati yetu aliyetambua kwanza. Nadhani ni yeye, maana aliacha kulia ghafla akainua kichwa.

"Mbona kimya hivi?" akauliza.

Ukumbi wetu hauna kimya. Mchana na usiku mashine zinavuma, mpaka ukienda nyumbani unazisikia kwenye mto. Sasa hakukuwa na mvumo wowote. Nilisikia tone la maji likianguka kutoka kwenye paa nje. Mlango wa chumba cha kumi na moja ulikuwa wazi muda wote alipokuwa anapiga, na korido yetu inachukua sauti vizuri.

Tukatoka. Bwana Gwakisa alikuwa amesimama mbele ya ubao. Mishale yote ilikuwa imelala, safu kwa safu, ya bibi wa chumba cha tatu, ya wale niliowajua kwa majina na wale niliowajua kwa namba. Hata ule wa mkazi wa lijamu chumba cha ishirini ulikuwa unashuka, polepole, kwa shida, ukijitahidi kuwafikia wenzake.

"Fundi," alisema Gwakisa kwa sauti ndogo, "wamezima?"

"Hawajazima. Wamebana pumzi."

Alinielewa mara moja. Mkono wake ulikwenda kwenye lijamu kuu, ukaushika ule mkono mwekundu wa chuma. Sikumkataza. Tarumbeta isipolia na vyumba vyote vikiruka kwa pamoja, hakuna breka ya umeme kwenye mlima huu ya kuhimili mkupuo ule, na kila kumbukumbu ingeungua. Akiuvuta, wangebaki wote, wapole, wenye usingizi, miaka na miaka. Hatukuwa na ruhusa ya familia yoyote kwa hili wala kwa lile, na muda wa kuwapigia simu haukuwepo.

Mlango wa chumba cha saba ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Gwakisa akaugeukia, mkono bado uko kwenye chuma.

"Tupokigwe," akaita. "Tupo mke wangu, unataka kuniambia nini?"

Mshale wa chumba cha saba ukanyanyuka kidogo. Ukafunikwa.

"Mvua inaendeleaje huko nje?"

Nilimwona alivyosikia. Miaka mitatu ya chakula cha mchana, kila siku, na kila siku akicheka. Akatazama dirishani, kwenye lile jua letu la kuazima, kwenye migomba inayodondosha maji ya mwisho.

"Imekatika, mama," akasema. "Njia ni kavu."

Akautoa mkono wake kwenye chuma, akaufuta kwenye shati, na akamgeukia Tusekile.

"Dada," akasema, "tupigie."

Tusekile akasimama wima. Akainua mkono wa kushoto, juu, wauone wote, na tukavuta pumzi.